Barua ya udahili tunayo, lakini kijana "hajasajiliwa": maneno manne na madaftari yake

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na mwaka huu neno moja limenichosha. Kijana wangu alipata chuo. Barua ya udahili tunayo, ada ya mwanzo tumelipa, lakini wiki iliyopita amezuiwa mlangoni kwenye chumba cha mtihani kwa kuwa "hajasajiliwa". Mimi mwenyewe jina la duka nimelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na TRA, mamlaka ya mapato, nimesajiliwa nina TIN, namba ya mlipa kodi, lakini ofisa wa benki ananiambia kisheria duka halipo, nipo mimi tu. Mke wangu ni muuguzi wa ngazi ya cheti. Ameambiwa yeye "ameorodheshwa", hajasajiliwa, na mdogo wake mwenye stashahada anamtania kila wakikutana. Na mjukuu aliyezaliwa mwezi wa nane ana karatasi ya hospitali tu. Wengine wanasema ameshaandikishwa, wengine wanasema bado. Kuandikishwa, kudahiliwa, kusajiliwa, kuorodheshwa: ni jambo moja lenye majina manne, au sheria inayatofautisha?

JIBU: Mzee mwenzangu, nyumba yako moja imegusa karibu kila daftari ninalolijua, kwa hiyo nitajibu kwa kupita humohumo nyumbani kwako.

Sheria inatofautisha, ila haitofautishi kwa maneno. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na baadhi yetu mawakili tumo. "Kusajili" katika sheria ya makampuni kunafanya kazi ambayo "kusajili" katika sheria ya vizazi hakuifanyi kabisa. "Kuandikisha" ndoa kunafanana zaidi na "kusajili" kizazi kuliko kunavyofanana na "kuandikisha" wapiga kura. Ukishika kitenzi utazunguka mpaka kesho. Shika daftari: nani analitunza, nani ana wajibu wa kupeleka jina, na jina lisipokuwamo mtu anapoteza nini. Hilo la tatu ndilo ninalomuuliza kila mteja anayeniletea karatasi yenye muhuri akidhani muhuri umemaliza kazi.

Kwanza maneno yenyewe, maana yanasema mengi kuhusu yalikotoka. Kuandika kwa wazee wetu hakukuwa kalamu tu. Kulikuwa pia kupanga na kuweka mahali pake, ndiyo maana mpaka leo tunaandika meza kabla ya wageni kula. Kenya wanasema fulani "ameandikwa" wakimaanisha amepata kazi. Kuandikisha basi ni kufanya jina lipangwe mahali pake. Kusajili kumetoka kwenye Kiarabu, ambako sijili ni kitabu cha kumbukumbu, na kutoka shina hilohilo tumepata masjala, neno linalotajwa kila siku mahakamani na katika ofisi za serikali. Kudahili nako kuna shina la Kiarabu la kuingia, kwa hiyo aliyedahiliwa ni aliyefunguliwa mlango. Kuorodhesha ni kuweka kwenye orodha, basi. Halafu kuna rejista, iliyokuja na Mwingereza, ambayo imemzaa Mrajis. Zanzibar Mrajis wa Mahkama anajulikana na kila mtu. Huku Bara tumemwita Msajili, isipokuwa kwenye vyama vya ushirika, ambako Mrajis amebaki na jina lake. Na usidhani kila Msajili anasajili kitu. Msajili wa Hazina hasajili hazina: anasimamia hisa na uwekezaji wa Serikali katika mashirika na makampuni.

Mchanganyiko huu una sababu. Sheria zetu nyingi za Bara ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kiliingia kwa mlango wa fomu, matangazo na maelezo ya maofisa, kila wizara ikijitafsiria. Neno moja la Kiingereza likawa "kuandikisha" kwa tume ya uchaguzi na "kusajili" kwa wakala wa vizazi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ya tafsiri ya sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kusawazisha maneno yaliyokwisha kuota mizizi ni kazi nyingine. Kwa hiyo usimlaumu karani wako wa chuo.

Sasa kijana. Nitamweleza kwa mpira, kwa sababu nchi hii hakuna asiyejua usajili wa wachezaji. Klabu ikimshusha mchezaji uwanja wa ndege, akapewa skafu, akasaini mkataba mbele ya kamera, mashabiki wanasema amesajiliwa. Siyo. Ana mkataba na klabu. Usajili ni jina lake kuingia kwenye mfumo wa shirikisho ndani ya dirisha, na akitoka nje ya nchi, kibali chake cha uhamisho wa kimataifa kiwe kimefika. Dirisha likifungwa kabla ya hapo, mkataba unabaki hai, mshahara unalipwa, lakini yeye anakaa jukwaani na suti. Wote tumewahi kuona.

Chuo kikuu ni vivyo hivyo. Udahili ni chuo kukubali kumpa nafasi, na kwa vyuo vikuu una hatua zake chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu: kuomba, kuchaguliwa, na aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja kuthibitisha anachokitaka kwa namba maalumu anayotumiwa. Mpaka hapo kijana ana haki ya kuja. Usajili ndio unaomfanya mwanafunzi: anafika, anaonyesha vyeti halisi, analipa kiasi cha ada kinachotakiwa, anajaza fomu ya afya, anapewa namba ya usajili. Na kuna kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: usajili wa chuo haufanywi mara moja. Kila mwaka, na katika vyuo vingi kila muhula, mwanafunzi anajisajili upya na kuchagua masomo yake kwenye mfumo. Udahili ni wa mara moja, usajili ni wa kurudiarudia. Mtihani na matokeo hufuata usajili, na fedha za Bodi ya Mikopo vilevile. Barua uliyoiweka kwenye fremu, mzee wangu, ni mkataba wa mchezaji. Jina halijafika shirikisho. La kufanya nitalisema mwishoni.

Shule ya msingi ni tofauti. Kule hatusemi udahili, tunasema kuandikisha, na neno limebeba wajibu. Sheria ya Elimu ya 1978 imeweka kuwa mtoto aliyefikisha miaka 7 lazima aandikishwe, kisha ahudhurie mpaka amalize. Kuandikisha na kuhudhuria ni mambo mawili. Mzazi aliyempeleka mtoto kuandikwa mwezi wa kwanza kisha akampeleka kuchunga ng'ombe mwezi wa tatu hajatimiza sheria. Chuo kikuu hakimlazimishi mtu kuja. Darasa la kwanza linamlazimisha mzazi.

Hapa nikuchomekee jambo la sarufi ambalo kwangu ni la sheria hasa. Sikiliza vitenzi vinavyotumika. Mpiga kura *hujiandikisha*. Mtoto *huandikishwa*. Kampuni *husajiliwa*. Kile kipande "-ji-" kinakuambia mzigo ni wako mwenyewe na usipokwenda hakuna atakayekufuata. Umbo la kutendwa linaficha mtu. Mtoto ameandikishwa na nani? Fomu haisemi, kwa hiyo baba anadhani ni hospitali, hospitali inadhani ni baba, na miaka 6 inapita. Kila ukikuta "atasajiliwa" au "ataandikishwa", uliza mara moja: na nani? Sheria imeficha jibu kifungu cha mbele au cha nyuma, na mara nyingi jibu ni wewe.

Ndiyo hali ya mjukuu wako. Karatasi aliyopewa mama yake ni tangazo la kizazi. Ni taarifa kwamba mtoto amezaliwa, mahali fulani, kwa mama fulani. Usajili ni taarifa hiyo kuingia katika daftari la vizazi linalosimamiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na cheti cha kuzaliwa ni nakala rasmi ya kilichoandikwa humo. Sheria ya vizazi na vifo, ambayo asili yake ni ya mwaka 1920, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na ukipita miaka 10 mambo yanakuwa mazito zaidi: unatakiwa ushahidi wa ziada na idhini ya juu. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 kuna mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 kisha ukasambazwa mikoani, ambao usajili hufanyika kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, taarifa zinatumwa kwa simu, na cheti cha kwanza ni bure. Kwa hiyo walio upande wa "bado" ndio wenye haki, na safari yenyewe ni ya kwenda ofisi ya kata tu. Mkiwa huko hakikisheni majina yameandikwa vile mtakavyoyatumia shuleni. Nimeona watu wazima wakihangaika na kiapo na hati ya kubadili jina kwa sababu ya herufi moja iliyoandikwa kwa haraka wodini.

Lakini angalia jina lisipokuwamo kunatokea nini. Mjukuu hatoweki! Amezaliwa, ana baba, ana mama, ana haki ya urithi. Usajili wa kizazi haumuumbi mtu, unashuhudia. Anachokosa asiyesajiliwa ni ushahidi mwepesi: siku ya kitambulisho cha NIDA, pasipoti, mkopo wa chuo, mirathi, atalazimika kuthibitisha kwa mashahidi na viapo kile ambacho karatasi moja ingesema.

Ndoa iko upande huohuo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaagiza ndoa iandikishwe, iwe ya msikitini, kanisani, bomani au ya kimila, lakini sheria hiyohiyo inasema kushindwa kuandikisha hakubatilishi ndoa iliyofungwa sawasawa. Nasisitiza kwa sababu kila mwaka najibu mjane aliyeambiwa na mashemeji kwamba "huna shahada ya ndoa, kwa hiyo hukuwa mke". Alikuwa mke. Kinachomsumbua ni kuthibitisha, na atathibitisha kwa shekhe au padri aliyefungisha, kwa mashahidi, kwa picha, kwa majirani.

Sasa ruka kwenye duka lako, maana hapa daftari linafanya kazi nyingine kabisa. Kampuni haikuwepo kabla ya kusajiliwa. Hakuna tumbo ilimotoka isipokuwa daftari la Msajili wa Makampuni. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, siku iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo siku ya kuzaliwa, na tangu siku hiyo kuna mtu mpya wa kisheria anayeweza kumiliki kiwanja, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wanafunzi wa sheria dunia nzima ya Jumuiya ya Madola wanafundishwa hili kwa kesi ya Salomon ya 1897: mtengeneza viatu vya ngozi wa London aliyeiuzia kampuni yake mwenyewe biashara yake, kampuni ikafilisika, wadai wakamtaka yeye alipe kwa mali yake. Majaji wa Baraza la Malodi wakasema kampuni ni mtu mwingine, hata kama karibu hisa zote ni za Salomon.

Wewe hukusajili kampuni. Umesajili jina la biashara. Ofisi ni ileile ya BRELA, mfumo ni uleule wa mtandaoni, neno ni lilelile, na cheti kinafanana vya kutosha kumdanganya mtu. Lakini jina la biashara ni wewe uliyevaa kofia. Daftari hili kazi yake ni kumjulisha umma nani yuko nyuma ya kibao cha duka. Deni la saruji likikushinda, mdai hashtaki kibao. Anakushtaki wewe, na nyumba yako inaweza kuingia kwenye hesabu. Ofisa wa benki alisema kwa ukali kidogo, ila alisema sheria.

TIN nayo ni daftari la tatu, na halimzai mtu wala halimpi ruhusa. Linamtambua mlipa kodi. Leseni ya biashara ya halmashauri ndiyo ruhusa, nayo ina muda wake. Kwa hiyo kwenye ukuta wako nyuma ya kaunta zinaning'inia karatasi tatu: moja inasema jina hili ni la nani, ya pili inasema kodi yake itafutwe wapi, ya tatu inasema anaruhusiwa kuuza mpaka tarehe fulani. Hakuna hata moja inayosema "hapa pana kampuni". Ukitaka hiyo, unaanza safari nyingine, yenye katiba ya kampuni, wakurugenzi, na taarifa ya kila mwaka kwa Msajili ambayo wengi huisahau mpaka faini iwakumbushe. Kama biashara ni yako peke yako na hukopi fedha kubwa, binafsi sikuharakishi.

Nikiwa hapohapo kwenye makampuni: ukisikia kampuni "imeorodheshwa", si ngazi ya chini ya kusajiliwa, ni ya juu. Ilisajiliwa zamani; sasa hisa zake zimekubaliwa kuuzwa na kununuliwa na watu wote kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Weka hilo kichwani tukienda kwa mama, yule mkeo muuguzi, maana kwake neno hilohilo linashuka.

Habari ya wauguzi ni ndefu na imeanzia mbali. Uingereza ilianza daftari la wauguzi kwa sheria ya 1919. Vita vya pili vilipofika, hospitali zilijaa wasaidizi waliokuwa wakifanya kazi ya uuguzi bila kuwa na masomo ya kuingia kwenye daftari hilo. Badala ya kuwaingiza, sheria ya 1943 ikawafungulia kitabu cha pili, orodha. Tangu hapo ukawa na muuguzi wa daftari na muuguzi wa orodha, wawili wanaofanya kazi wodi moja. Makoloni yakarithi vitabu vyote viwili. Kenya hadi leo vifupisho vya kada vinawatenganisha: KRCHN ni wa daftari, KECHN ni wa orodha. Kwetu Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imebaki na mgawanyo huo: wenye shahada na stashahada upande wa kusajiliwa, wenye cheti upande wa kuorodheshwa.

Kwa hiyo shemeji yako ana ukweli mdogo na utani mwingi. Tofauti ni ya kiwango cha mafunzo, mipaka ya kazi na muundo wa ajira. Serikalini mwenye cheti huanza kama Muuguzi na mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Lakini mbele ya sheria wote wawili wanatambuliwa na Baraza moja la Uuguzi na Ukunga, wote wanatakiwa kuwa na leseni hai, na wote wanaweza kufikishwa mbele ya Baraza hilo kwa kosa la kitaaluma. Aliyeorodheshwa si muuguzi wa kienyeji. Katika maongezi utasikia wote "wamesajiliwa na Baraza", na hakuna ubaya. Ubaya ni kujaza fomu ya ajira ukajiandika muuguzi aliyesajiliwa wakati jina lako liko kitabu kingine. Hiyo inaweza kusomeka kama udanganyifu. Na mama akijiendeleza akapata stashahada, asidhani jina litahama lenyewe. Ataomba.

Taaluma zina jambo jingine ambalo duka na mtoto havina: vitabu viwili kwa mtu mmoja. Mimi jina langu liliingia kwenye orodha ya mawakili siku niliyokubaliwa na Jaji Mkuu, na litakaa humo mpaka nife, niombe litolewe, au niondolewe kwa utovu wa nidhamu. Lakini kuwa kwenye orodha hakuniruhusu kusimama mahakamani leo. Kinachoniruhusu ni cheti cha mwaka cha kufanya kazi ya uwakili. Nisipokihuisha, mimi ni wakili kwa jina na si wakili kwa kazi, na nyaraka nitakazoandaa katika kipindi hicho zinaweza kutupwa na mteja akaumia kwa uzembe wangu. Ndiyo maana Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili, raia yeyote aangalie kama mtu anayemlipa ana cheti hai. Utumie. Hata kwangu mimi.

Ardhi hujaniuliza na sikupenda kuiingiza, lakini najua una kiwanja, kwa sababu kila muuza saruji ana kiwanja. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa haujasajiliwa popote. Umeshuhudiwa, hakuna zaidi. Penye hati, yaani ardhi iliyo kwenye daftari la Msajili wa Hati, uhamisho wa milki unakamilika unaposajiliwa. Kabla ya hapo una mkataba unaokufunga wewe na muuzaji, lakini daftari bado linamjua yeye. Hapo usajili hauko kama wa kizazi, wa kushuhudia tu. Uko karibu na ule wa kampuni. Kuna pia daftari la nyaraka, ambalo linapokea hati ikatunzwa kumbukumbu, na hili haliponyi ubovu wa hati. Karatasi ya tapeli ikisajiliwa humo inabaki karatasi ya tapeli yenye namba. Vijijini, hatimiliki ya kimila inaandikwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, na ukitaka kujua nani anamiliki shamba, anza hapo kabla ya kwenda wilayani.

Na kura, kwa ufupi. Katiba inampa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura, lakini asiyejiandikisha haki hiyo inabaki nyumbani siku ya uchaguzi. Hapa daftari halikuzai wala halithibitishi uraia wako. Linakufungulia mlango wa kituo tu. Kadi ya mpiga kura watu huitumia kama kitambulisho mpaka wanasahau hilo. Mwaka 2024 wengi walibabaika: walikuwa na kadi za Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo ni la Tume ya uchaguzi, wakaambiwa kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba wajiandikishe tena kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba kwenye orodha ya wapiga kura ya mtaa au kijiji chao. Watu walisema wanasumbuliwa. Kisheria zilikuwa chaguzi mbili zenye vitabu viwili na watunzaji wawili, na kadi ya kitabu kimoja haikufungua kingine. Niliwajibu wengi wakati ule, na wengi hawakuridhika. Nadhani serikali ingeeleza mapema zaidi.

Turudi kwa kijana, maana mtihani haumsubiri Jaji. Leo hii aingie kwenye akaunti yake ya chuo aangalie mambo mawili: kama ada iliyolipwa imesomeka kwa namba sahihi ya malipo, na kama amechagua masomo ya muhula huu. Mara nyingi kosa ni moja kati ya hayo. Fedha imelipwa benki lakini haijaoana na jina, au mwanafunzi alidhani kulipa ndiyo kujisajili. Kisha aende ofisi ya udahili na usajili na stakabadhi, barua ya udahili na vyeti halisi, aulize kwa maandishi kama dirisha la usajili wa kuchelewa bado liko wazi kwa mujibu wa kanuni za chuo. Kama liko wazi, alipe faini yake amalize. Kama limefungwa, aandike kwa mkuu wa kitivo, kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, aeleze tarehe alizolipa na kuomba asajiliwe kwa sababu maalumu. Na katika barua hiyohiyo aombe, endapo ombi la kwanza litakataliwa, kuahirisha mwaka ili nafasi yake ya udahili isipotee. Wengi huomba la kwanza peke yake, wakikataliwa wanakuta na muda wa kuahirisha nao umepita. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa masjala, na wewe ubaki nayo Morogoro.